Bumu la Serikali, Ratiba ya Chuo

Nilikosa mtihani mmoja tu, wa muda wa saa tatu, Jumamosi ya Julai 2019. Mtihani huo ulinigharimu mwaka mzima, ng'ombe wawili wa baba, na aibu ya kurudi kijijini na begi katikati ya masomo huku watu wakiulizana pembeni kama nimefukuzwa kwa wizi au kwa mimba ya mtu. Nikilifuatilia kosa mpaka kwenye mzizi wake, nakuta shilingi 5,000.

Kila Agosti vijana wananiuliza kama kuna shida kusoma chuo cha dini kwa mkopo wa Bodi, yaani Bodi ya Mikopo ya serikali. Hakuna shida. Nimesoma hapo, nimemaliza, na kuna watu wa pale nitawashukuru mpaka kaburini. Ila kuna mambo nilidhani yanakwenda pamoja, kumbe kila moja lina njia yake. Nilidhani kwa kuwa serikali inalipa, serikali pia inaamua, au angalau inakusimamia ukibanwa. Haiko hivyo.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2018, huko kwetu Mara. Nilichaguliwa vyuo viwili: kimoja cha umma, mbali, kwa kozi niliyoijaza ili tu kukamilisha fomu, kingine cha kanisa, ualimu wa Fizikia na Hisabati, kozi niliyoitaka. Mimi ni Msabato, na kwetu Jumamosi ni Sabato, siku ya ibada, mpaka jua lizame. Baba alipendekeza nisubiri dirisha linalofuata nijaribu Chuo Kikuu cha Arusha, ambacho ni cha Wasabato wenzetu. Nikamjibu kwamba wote ni Wakristo, tunasoma Biblia ileile. Kumbuka hilo jibu, tutakutana nalo mbele.

Ujumbe wenye namba ya kuthibitisha ulipoingia kwenye simu nilikimbilia steshenari. Kijana wa pale akanikonfemia chuo kwa dakika tano. Halafu akapakua maelekezo ya kujiunga: kurasa 34. Kuchapa ni shilingi 200 kwa ukurasa. Nikapiga hesabu haraka, nikamwambia achape kurasa tisa tu: zenye ada na namba ya akaunti, fomu ya daktari, na ile ya mwisho ya kusaini. Kurasa 25 za katikati, zilizoandikwa juu yake "Sheria Ndogo za Wanafunzi", nikaziacha kwenye kompyuta ya watu. Nikaokoa 5,000. Kisha nikasaini ile ya mwisho, ambayo mstari wake wa kwanza unasema nimesoma, nimeelewa na nimekubali.

Mkopo wangu ulitoka awamu ya pili. Nyumbani walichinja kuku. Nilipewa fedha ya chakula na malazi, fedha ya vitabu na viandikia, na sehemu ya ada. Neno "sehemu" lilipita masikioni mwetu kama upepo. Nilipofika dirisha la uhasibu chuoni ndipo nikajua maana yake. Ada ilikuwa 1,260,000 kwa mwaka, Bodi ingelipa 800,000, na 460,000 zilizobaki ni zangu. Juu yake kuna michango, na Bodi haihusiki na michango: usajili, kitambulisho, fedha ya tahadhari, mitihani, serikali ya wanafunzi, 20,000 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), 50,400 ya bima ya afya. Halafu hosteli. Chuo chetu kilikuwa na sheria kwamba mwaka wa kwanza wote wanalala ndani ya uzio, ili walelewe. Malezi hayo yalikuwa 180,000 kwa semesta. Wenzangu waliokwenda vyuo vingine walipanga vyumba mtaani watatu watatu, wakapikiana, wakabakiza.

Bumu, yaani ile fedha ya chakula na malazi, enzi zetu lilikuwa 8,500 kwa siku, linatoka kwa mkupuo wa miezi miwili, yaani 510,000. Kwa mtoto wa mkulima hizo ni fedha ambazo hujawahi kuzishika. Toa hosteli, toa deni la ada, toa shati jeupe na suruali nyeusi za ibada ya Jumatano, toa ulichokopa wakati unasubiri lenyewe litoke, ndipo utaona unakula mara moja na nusu kwa siku. Kama unasoma hili kabla hujathibitisha chuo, chukua kalamu uandike safu mbili: kile Bodi inacholipa, na kile chuo kinachodai. Usiandike "mkopo" kama neno moja. Mkopo ni vipande, na kila kipande kina kazi yake. Na bumu likitoka, kasaini siku hiyohiyo. Fedha isiyosainiwa kwa wakati hurudi Bodi, na kuifuata ni safari nyingine.

Chumba nilipangiwa na kijana wa Tanga, Mwislamu, ambaye ndani ya wiki moja hosteli nzima ilimwita Sheikh. Mimi nikaitwa Msabato. Alikuja na begi moja na faili la plastiki, na ndani ya faili kulikuwa na zile kurasa 34, zote, zimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Nilimcheka. Nikamuuliza kama anasomea sheria.

"Mwanangu, mimi hapa mgeni," akanijibu. "Mgeni lazima aulize choo kiko wapi kabla hajabanwa."

Wiki ya pili alikwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi na barua. Aliomba mambo mawili: swala ya Ijumaa isigongane na majaribio, na asishiriki sala kwenye ibada ya Jumatano, ambayo mahudhurio yake huandikwa kwenye daftari na ukipungukiwa unaitwa kamati ya nidhamu. Alijibiwa kwa maandishi: Ijumaa atapangiwa muda mwingine akitoa taarifa kila semesta, Jumatano atasaini daftari kisha ataruhusiwa kukaa maktaba. Aliirudisha barua kwenye faili. Akanigeukia.

"Msabato, na wewe andika yako ya Jumamosi."

"Hawa Wakristo wenzangu bwana, wananielewa."

Kuhusu sheria nyingine za pale sitaongea sana, maana mnazijua. Vimini, suruali za kubana, milegezo, heleni kwa wavulana, pombe, jinsia tofauti kutembeleana vyumbani. Walinzi wa getini walikuwa na bango lenye picha zilizopigwa alama ya mkasi. Siku moja ya jaribio la Kalkulasi niliona dada wa darasani kwetu akirudishwa getini kwa sababu ya sketi, zimebaki dakika kumi. Hakubishana. Alivuka barabara kwa mama ntilie, akaomba kitenge kilichokuwa kimefunika ndoo ya maandazi, akajifunga, akapita. Jaribio zima chumba kilinukia iliki. Yule alijua jambo ambalo mimi lilinichukua mwaka: getini si mahali pa kujadili haki zako, hasa ukiwa na mtihani. Unapita kwanza, mjadala unakuja baadaye, kwa maandishi.

Semesta ya kwanza ilipita bila mtihani wa Jumamosi. Nikazidi kuamini kwamba Mungu na chuo wameshaelewana juu yangu.

Semesta ya pili tulikuwa wengi na kumbi chache. Ratiba ya awali ya mitihani ilibandikwa ubaoni, na chini yake iliandikwa kwamba mwenye malalamiko apeleke ndani ya wiki mbili. Sikuisoma. Mimi nilikuwa mtu wa kusubiri CR, kiongozi wa darasa, aitume kwenye kundi. Alipoituma ilikuwa ile ya mwisho, isiyobadilika, na Saikolojia ya Elimu ilikaa Jumamosi asubuhi. Tena ilikuwa imebaki siku nne.

Nilikwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi Alhamisi. Alikuwa mchungaji mwenye umri wa baba yangu, mpole.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: barua yangu iko wapi? Nikauliza barua gani. Akavuta droo, akatoa kijitabu cha sheria ndogo, akafungua bila kutafuta, inaonekana sikuwa wa kwanza. Ombi lolote la kiimani linalohusu mitihani lipelekwe kwa maandishi ndani ya wiki nne za mwanzo wa semesta, likiwa na barua ya kanisa au msikiti wa mwombaji. Tulikuwa wiki ya kumi na saba.

Hapo ndipo nikasema sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka usiku najifunika shuka usoni. Nilisema, "Lakini mimi nasomeshwa na serikali."

Mchungaji akavua miwani. Hakukasirika, na ndiyo iliyoniuma zaidi. "Serikali inakulipia ada, mwanangu. Mtihani ni wa Seneti ya chuo." Akaniandikia kikaratasi nikamwone afisa mitihani. Afisa mitihani akasema maswali yameshachapwa na hakuna toleo la pili.

Siku ya Ijumaa nilimpigia simu mama. Mama hakunishawishi popote. Alisema tu, "Fanya kitu ambacho utaweza kulala nacho." Jumamosi nikaenda kanisani. Sitajifanya shujaa: mahubiri yote sikusikia neno. Nilikaa benchi la nyuma nikitazama saa ya ukutani. Saa tatu, wanaingia. Saa nne, watakuwa swali la pili. Saa sita, karatasi zinakusanywa. Jioni Sheikh akanirudia na karatasi ya maswali ameikunja mfukoni, hakujua kama anipe au asinipe. Nikaisoma. Maswali matano, manne nilikuwa nayajua kama jina langu.

Kukosa mtihani bila ruhusa, kwa sheria za pale, adhabu yake inaweza kufika kufutwa masomo. Disko kabisa. Niliitwa kamati, nikapeleka barua mbili, moja ya maombi na nyingine ya mzee wa kanisa langu. Zilichelewa kwa sheria lakini nadhani zilinisaidia kwa huruma. Uamuzi: nimesimamishwa, nirudi semesta ya pili ya mwaka unaofuata, niirudie semesta yote. Nikaambiwa nimepewa nafasi. Ukweli ni kwamba nilipewa.

Nikarudi nyumbani. Miezi minane. Wiki ya kwanza nililala tu. Baba hakuniuliza kitu, alinipa jembe. Baadaye nikapata tempo, kazi ya muda, kwenye shule ya sekondari ya kata, nafundisha Hisabati kidato cha pili kwa 120,000 kwa mwezi zilizochangwa na wazazi, mwezi unaochangika.

Katikati ya muda huo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: kuuliza. Nilipanda basi mpaka ofisi ya Bodi ya Mikopo ya kanda, Mwanza, nikiwa na imani kwamba nikieleza vizuri, Bodi itapiga simu chuoni. Dada aliyenihudumia alinipa kiti na robo saa yake. "Mdogo wangu," akasema, "sisi tunamkopesha mwanafunzi aliye masomoni. Nani yuko masomoni na nani hayuko, tunaambiwa na chuo." Kuhusu semesta ninayokwenda kuirudia, akanionyesha kwenye akaunti yangu: ile ilishalipiwa. Hailipiwi mara mbili. Ada, chakula na malazi ya miezi ile ingekuwa juu yangu. Akaniagiza jambo ambalo nakuagiza na wewe: siku ya kurudi, kabla hujaenda hosteli, kabla hujasalimia mtu, nenda dawati la mikopo la chuo na barua ya kurejea masomo, hakikisha taarifa imetumwa Bodi, na omba nakala. Kuna watu wanarudi masomoni wanakaa kimya wakisubiri jina lao litokee lenyewe kwenye orodha. Wanasubiri sana.

Niliandika pia TCU. Walinijibu kwa adabu: tume inasimamia ubora, udahili na ithibati ya vyuo; kanuni za mitihani na nidhamu ni za chuo chenyewe, na chuo kina ngazi zake za rufaa. Rufaa nayo ilikuwa na muda wake, uliokuwa umepita nikiwa nimelala nyumbani nimefunika uso.

Aliyenifungua macho hasa alikuwa jirani yetu aliyekuwa anasoma sheria. Alinisomea ibara ya 19 ya Katiba. Nilikuwa naitaja kila mahali kana kwamba ni ngao yangu peke yangu: kuabudu ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Akaniambia niendelee na sentensi hiyohiyo, nisiishie njiani. Baada ya nukta mkato inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini viko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. "Nusu ya kwanza yako," akasema, "nusu ya pili wanaweza kuidai wao. Na wewe ulisaini." Tukabishana mpaka usiku, kwa sababu chuo kikuu si kanisa, kina ithibati ya serikali, kinatoa shahada inayotambuliwa na serikali. Bado naona hoja yangu ina uzito. Ila hoja yenye uzito si sawa na barua iliyopokelewa wiki ya tatu ikagongwa muhuri.

Niliporudi, Machi 2020, baba alikuwa ameshauza ng'ombe wawili. Nililipa nusu ada, nikalipa michango, nikalipa hosteli ya semesta nzima, maana kwa hesabu za chuo bado nilikuwa mwaka wa kwanza na lazima nilelewe. Nikakaa siku tisa. Katikati ya mwezi vyuo vyote nchini vikafungwa kwa corona. Nilicheka kwenye basi peke yangu mpaka abiria wa jirani akahama kiti. Tulirudi Juni 1, na hosteli hawakuturudishia kitu. Kurasa zile 25, ambazo sasa nilikuwa nimezichapa zote, zinasema malipo ya hosteli hayarejeshwi.

Ndani ya semesta hiyo kulikuwa na somo la historia ya elimu, na mhadhiri akatufundisha jambo lililonifanya niache kuandika. Mwaka 1969 sheria ya elimu iliipa serikali nguvu ya kuzichukua shule za misheni. Walimu wakawa wa serikali, na mtoto wa dini yoyote akaingia bila kuulizwa ubatizo. Kisha miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa upya, na madhehebu yakaanza kujenga vyuo vikuu. Mwaka 1992 serikali na makanisa wakatia saini hati ya makubaliano juu ya huduma za jamii, ndiyo maana unaona hospitali ya misheni yenye madaktari wanaolipwa na serikali. Nikafikiri pale nilipokaa: hospitali serikali inalipa mishahara, kwa hiyo ina kiti mezani. Chuoni kwetu serikali hailipi mishahara. Inamkopesha mwanafunzi, mwanafunzi anakipeleka chuoni alichokopa. Kiti cha mezani hakuna. Mhadhiri hakuyasema hayo, ni hesabu zangu mimi niliyekuwa najilipia nusu ada.

Nilimsimulia Sheikh, ambaye wakati huo alishanitangulia mwaka. Akaniambia yeye aliwahi kuomba Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kwenye yale majengo yaliyokuwa ya Tanesco ambayo serikali ya Mkapa iliwapa Waislamu. "Hata huko ungeenda wewe," akasema, "ungeandika barua mapema, kwa sababu ungejiona mgeni." Alinipiga pale penye kidonda. Kilichoniponza si kwamba chuo kilikuwa cha dini nyingine. Kilikuwa cha dini yangu kwa nje, nikajiona niko nyumbani.

Kila semesta iliyofuata, barua yangu ilikuwa mezani kwa Mchungaji wiki ya kwanza. Nakala mbili, moja inabaki, moja inagongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Nikaambatanisha ya kanisa. Mara tatu mitihani iliangukia Jumamosi, na mara zote tatu nilikaa peke yangu kwenye chumba cha afisa mitihani baada ya jua kuzama, mlinzi ananisimamia anapiga miayo. Sheria ile ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ukurasa wa 19.

Niseme na la mwenzetu mmoja, bila kumtaja zaidi ya hapo. Tukiwa mwaka wa tatu alipata ujauzito, hajaolewa. Novemba 2021 serikali ilikuwa imetangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa mimba warudi shuleni, nchi nzima ikazungumza, naye akaamini tangazo hilo linamfunika. Lilihusu shule za msingi na sekondari. Chuo kilimtaka aahirishe masomo mpaka ajifungue. Mimi ile sheria siipendi, na nilimwambia Mchungaji hivyo mbele ya mke wake, chai ikapoa. Lakini nilimsindikiza dada yule dawati la mikopo kabla hajasaini fomu ya kuahirisha, akauliza nini kinasimama na nini kinarudi, akachukua majibu kwa maandishi. Aliporudi mwaka uliofuata, mkopo wake ulirudi bila kugombana na mtu. Ukilazimika kuondoka, ondoka kwa karatasi. Anayetoroka kimya kimya na anayeahirisha rasmi wanaweza kukaa nyumbani miezi sawasawa, lakini siku ya kurudi mmoja ana jina kwenye mfumo na mwingine anaanza kueleza.

Ukinikuta leo na kijana anayetaka kuthibitisha chuo cha dini, chochote, namwambia aombe sheria ndogo kwanza, hata kwa simu kwa mwanafunzi aliyeko pale, na atafute majibu ya mambo machache: ibada ni lazima au hiari, na mahudhurio yanahesabiwa wapi, kuna somo la dini linaloingia kwenye GPA (wastani wa alama), kulala ndani ni lazima na ni shilingi ngapi, siku yake ya ibada inalindwa vipi kwenye mitihani na barua inapelekwa lini, ukisimamishwa, rufaa ni ndani ya siku ngapi. Muda wa kukonfemu ni mfupi, lakini unatosha kusoma kurasa 25. Mimi nilitumia dakika tano.

Na usiende kwa shari. Mchungaji yule yule aliyevua miwani ndiye aliyenidhamini uhasibu nilipe ada kwa mafungu manne. Mwaka wa mwisho aliniita nyumbani kwake Jumamosi jioni, akasubiri mpaka giza ndipo akatenga chakula, hakusema kwa nini.

Nilimaliza 2022. Mwaka huohuo bumu likapandishwa kutoka 8,500 mpaka 10,000 kwa siku, sisi tukiwa tunatoka getini. Sasa nafundisha, na asilimia 15 ya mshahara wangu inakwenda Bodi kila mwezi. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Nusu ada ya ile semesta niliyoirudia haimo kwenye deni hilo. Lile ni deni la zizi. Mwaka jana nilinunua mtamba mmoja nikampeleka nyumbani. Baba akamzunguka mara mbili, akamshika nundu, akasema ni mzuri. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mwenzake yuko njiani.